Raba za Gari la Zamani: Uliza Zimetengenezwa kwa Nini

Wenzetu mliopata Peugeot 504 hapa London (ndiyo, ile iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978), gari hilo chuma chake kinaweza kukuzika. Raba haziwezi. Na ukikuta spea jenyuini bado imo ndani ya pakiti yake ya miaka ya sabini, usiikimbilie: mpira unazeeka hata kabatini.

Muulize muuzaji ni mpira wa aina gani. EPDM inahimili jua, mvua na maji ya moto, kwa hiyo ni nzuri kwa milango, vioo na paipu za rejeta. Lakini ikiguswa na oili au petroli inavimba na kulegea. Penye oili weka naitraili.

Paipu za petroli ndizo za kuogopa, jamani. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yaani ethanoli yaweza kufika asilimia 10. Paipu za zamani hazikutengenezewa ethanoli. Zinaharibika, petroli inadondokea injini yenye moto. Tafuta paipu iliyoandikwa SAE J30 R9.

Bushi za poliyurethani zinadumu, sikatai, ila kila shimo utalisikia mgongoni. Mimi ningeweka za mpira, mpya.

Halafu tangu Mei 2018 magari mengi yaliyopita miaka 40 hayalazimiki kupimwa MOT. Mkaguzi hatakuonyesha ufa. Ingia chini na tochi, kunja kila paipu kidogo, utazame.