Aprili 7: Msiba wa Kisiwandui na Msiba wa Kigali

Kila mwezi wa Aprili ukiingia, wanafunzi wangu na hata watu wazima ninaokutana nao barabarani huniuliza jambo lile lile: imekuwaje siku aliyouawa Mzee Karume ndiyo siku ambayo Wanyarwanda nao wanalia? Miaka yote nimekuwa nikijibu kwa mdomo. Safari hii nimeandika, maana swali lina uzito na watu hulijibu harakaharaka.

Mwalimu, tuanzie mwanzo. Aprili 7 kulitokea nini?

Kwetu ni mwaka 1972. Ilikuwa Ijumaa. Jioni ile Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), pamoja na wenzake. Wakaingia watu wenye silaha, wakampiga risasi, akafa. Alizikwa pale pale Kisiwandui, na Mzee Aboud Jumbe akashika uongozi. Mpaka leo kila Aprili 7 viongozi na wananchi hukusanyika hapo kwa hitma, na Tanzania nzima ni siku ya mapumziko.

Kwa jirani zetu ni mwaka 1994. Ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo mjini Kigali yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa muda wa siku kama 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, na hesabu ya serikali ya Rwanda inapita milioni moja. Wahutu waliokataa kushiriki, au waliojulikana kuupinga mpango huo, nao waliuawa.

Je, matukio hayo mawili yana uhusiano?

Hapana. Waliomuua Karume walikuwa na yao ya Zanzibar, na waliopanga mauaji ya Rwanda walikuwa na yao ya Rwanda. Katikati kuna miaka 22. Nalisema wazi kwa sababu nimewasikia watu wakidai kwamba mwezi huu una nuksi. Nuksi haiandiki orodha ya watu wa kuuawa wala haigawi mapanga. Walioyafanya hayo ni watu wenye majina, na baadhi yao walisimamishwa mahakamani Arusha wakahukumiwa.

Lakini mwaka una siku 365! Sadfa gani hiyo?

Sadfa ya kawaida kuliko tunavyodhani. Chukua darasa la wanafunzi 23 tu: uwezekano wa kupata wawili waliozaliwa tarehe moja unazidi nusu. Wakiwa 50, unafika asilimia 97. Jaribu darasani kwako, waite watoto wataje tarehe zao mmoja mmoja, uone kelele zitakazotokea. Sasa matukio makubwa ya dunia ni maelfu kwa maelfu, na siku za kuyapangia ni zile zile 365. Lazima yakutane.

Kwa hiyo siku zote zinazofanana ni sadfa tu?

La, hapo utakosea. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Miaka kumi kamili baadaye, Februari 5, 1977, TANU na ASP zikaungana, ikazaliwa CCM. Hiyo si bahati nasibu. Kuna watu waliokaa na kalenda mkononi. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961 na ikawa jamhuri Desemba 9, 1962. Kenya ilifanya vivyo hivyo, Desemba 12, 1963 kisha Desemba 12, 1964. Serikali changa hupenda kuibebesha siku moja mambo mawili, ili mwananchi awe na tarehe moja ya kushika.

Aprili 7 yenyewe ina tukio la tatu la namna hiyo. Siku ya Afya Duniani iliadhimishwa kwanza Julai 22, 1949, lakini tangu 1950 ikahamishiwa Aprili 7, kwa sababu katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika Aprili 7, 1948. Mtu aliamua. Kwa hiyo ukikuta matukio mawili yameketi kwenye tarehe moja, uliza kwanza: siku hii ilikuja yenyewe au ilichaguliwa?

Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilidunguliwa Aprili 6. Mbona Rwanda inaadhimisha tarehe 7?

Katika yote ninayoulizwa, hili ndilo swali bora, na jibu lake linaanzia Dar es Salaam.

Jumatano ile ya Aprili 6 viongozi wa ukanda huu walikutana Dar es Salaam, mwenyeji akiwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Alikuwapo Rais Museveni wa Uganda, na Kenya iliwakilishwa na Makamu wa Rais George Saitoti. Walizungumzia hali ya Burundi na ya Rwanda, na Habyarimana alibanwa atekeleze Mkataba wa Amani wa Arusha uliotiwa saini Agosti 4, 1993. Mkutano ulipokwisha alipanda ndege yake kurudi nyumbani, akiwa na Cyprien Ntaryamira, Rais wa Burundi. Yapata saa mbili na dakika ishirini usiku kwa saa za Kigali, ndege ikiwa inakaribia kutua, ilipigwa makombora. Iliangukia kwenye bustani ya makazi ya Habyarimana mwenyewe, Kanombe. Hakutoka mtu hai.

Usiku ule ule vizuizi vikawekwa barabarani. Kulipokucha, askari walimfuata Waziri Mkuu, Mama Agathe Uwilingiyimana, wakamuua. Wanawe walikuwa wamefichwa, na aliyewatoa salama ni Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa. Naye aliuawa Kigali Mei 31 mwaka huo huo. Askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kambi ya jeshi, wakauawa huko. Ukifika mahali pale leo utakuta nguzo kumi za mawe, moja kwa kila mmoja wao, na ukuta uliojaa matundu ya risasi umeachwa hivyo hivyo, haukuzibwa.

Burundi inamkumbuka Rais wake Aprili 6. Rwanda inahesabu kuanzia tarehe 7, kwa sababu inaowakumbuka ni hao waliosakwa majumbani, makanisani na kwenye vizuizi. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2003, uliipitisha Aprili 7 kuwa siku ya dunia ya kuyatafakari mauaji hayo. Hapo unaona tarehe ya kumbukumbu nayo ni uamuzi: unaanza kuhesabu na kifo cha nani?

Nina la kuongeza kutoka kwetu. Waswahili tangu zamani siku yetu huanza jua likitua. Jumatano ikishapita magharibi, huo ni usiku wa kuamkia Alhamisi, na wazee wa pwani hukata maneno wakasema tu "usiku wa Alhamisi". Kwa hesabu ya wazee hao, ndege ile ilipoanguka tarehe 7 ilikuwa imeshaingia.

Na kwa kalenda ya Kiislamu, siku hizo mbili zinakutana?

Hazikutani kabisa. Aprili 7, 1972 iliangukia mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano. Aprili 7, 1994 iliangukia Shawwal, Mfunguo Mosi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo maana miezi yake huzunguka. Hitma ya Mzee Karume inafuata tarehe ya serikali. Sadfa hii basi iko kwenye kalenda ya ukutani. Ukibadilisha kalenda, inayeyuka.

Wanyarwanda husema "Kwibuka". Ndiyo "kuibuka" yetu?

Maana yake ni kukumbuka. Sikio la Mswahili husikia mtu anayetokeza kutoka chini ya maji, lakini kwa Kinyarwanda ni kumbukumbu. Asubuhi ya Aprili 7 huwashwa mwenge kwenye makumbusho ya Gisozi, Kigali, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, nao huwaka siku 100. Wiki hiyo ya kwanza ni ya maombolezo, bendera nusu mlingoti. Mtanzania aliyeko Kigali asije akafungulia muziki eti kwao ni sikukuu.

Kama hakuna uhusiano, Watanzania yatuhusu nini?

Nilisema hakuna uhusiano kati ya Kisiwandui na Kigali. Kati ya Tanzania na Kigali uhusiano upo, na ni mkubwa. Mkataba ulisainiwa Arusha. Safari ya mwisho ya ndege ile ilianzia Dar es Salaam. Mahakama ya kimataifa ya kuwashitaki wahusika, iliyoundwa Novemba 1994, ilikaa Arusha hadi ikafunga kazi Desemba 2015.

Na kuna Ngara, wilaya yetu inayopakana na Rwanda. Aprili 28 na 29, 1994, katika muda wa saa kama 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ile. Wengi wa waliovuka walikuwa Wahutu waliolikimbia jeshi la waasi wa RPF lililokuwa likisonga mbele, na waliohusika na mauaji walijichanganya humo humo. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa kwa siku chache. Chini ya daraja Mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria, na upande wa Uganda wavuvi na wanavijiji waliwaopoa na kuwazika watu wasiowajua majina.

Wanangara waliogawana maji na kuni na wageni wale wameandikwa kidogo mno katika vitabu vyetu. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule sasa ni mzee wa zaidi ya 60. Kama una mjomba, shangazi au bibi Ngara, Karagwe au Biharamulo, Aprili 7 ijayo ni siku ya mapumziko: mpigie simu au mfuate, umuulize aliona nini Rusumo, na uyaandike maneno yake kwa tarehe na kwa saa.