Likizo ya uzazi haifuti cheo chako

Mkuu wa kitengo anakwenda likizo ya uzazi. Akirudi anakuta nafasi yake imepewa mwingine, naye anaambiwa asubiri kupangiwa kazi. Mwenzake, mjamzito, anaambiwa suala la kupandishwa cheo litazungumzwa akishajifungua. Wanawake wengi hunyamaza wakidhani huo ndio utaratibu wa kazi. Sivyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mambo hayo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005.

Likizo na malipo

Mwajiriwa aliyetimiza miezi 6 kazini ana haki ya siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, ni siku 100. Mwajiri apewe taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Akishaanza kazi, mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Kurudi kazini

Unarudi kwa masharti yaleyale uliyoyaacha. Mwajiri akikataa kukupokea baada ya likizo, sheria inahesabu kuwa amekuachisha kazi, hata kama hakukupa barua. Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si halali.

Cheo na mshahara

Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, kuanzia kwenye ajira, mafunzo, kupandishwa cheo hadi malipo. Mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi yenye thamani sawa wanastahili ujira sawa. Unyanyasaji wa kijinsia nao umo katika katazo hilo. Ukionyesha dalili za msingi za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye atakayethibitisha kwamba hakubagua.

Ufanye nini?

Kwanza, kila jambo liwe kwa maandishi. Tunza nakala ya taarifa yako ya likizo, ikiwa na muhuri au saini ya aliyeipokea, pamoja na mkataba na hati za mshahara. Ukiambiwa jambo kwa mdomo, liandikie barua ukiomba ufafanuzi.

Pili, usisaini barua ya kujiuzulu wala mkataba mpya wa cheo cha chini kwa kushinikizwa. Omba muda, kisha umwone kiongozi wa chama cha wafanyakazi, Afisa Kazi au wakili.

Tatu, angalia kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukichelewa, itakubidi kwanza uiombe Tume ikuongezee muda kwa sababu za msingi. Watumishi wa umma huanza na ngazi za rufaa za utumishi wa umma.

Dada, kuzaa hakupunguzi ujuzi wala miaka uliyoitumikia kazi yako. Ukinyimwa haki hizi, usikae nyumbani ukingoja huruma ya bosi siku zikakuishia. Peleka mgogoro wako mapema.