Nyama Ikiwa Nyekundu Ndani, Rudisha Motoni

Kijitabu kwa kaya za Tunduma na mkoa wa Songwe



Kila baada ya sikukuu tunapokea wagonjwa wa aina ileile: tumbo linasokota, wanaharisha, wanatapika. Ukiwauliza walikula nini, wanasema nyama choma, ilikuwa na damu damu kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo inayowalaza.

BUCHANI

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nyamapori nayo, tangu kanuni za mwaka 2020, inauzwa kihalali kwenye bucha zenye leseni. Ile inayoletwa usiku ndani ya kiroba hakuna mkaguzi aliyeiona, wala hujui mnyama alikufaje.

KIBUDU

Usile. Huenda mnyama amekufa kwa kimeta, na kimeta hakiondoki kwa moto wa jikoni. Ukimkuta ng'ombe au swala amekufa ghafla, anatoka damu puani, usimchune, usimpasue, usigawe nyama kwa majirani. Mwite afisa mifugo.

KUIVISHA

Moto mkali unaunguza nje na kuacha ndani mbichi. Nyamapori inadanganya zaidi: haina mafuta, inakauka upesi juu, basi watu wanaiepua mapema isije ikawa ngumu. Ikiwa ngumu, ongeza maji, funika sufuria, punguza moto, ichemke taratibu.

Kabla ya kupakua, chukua kipande kinene kuliko vyote, ukikate katikati. Kina wekundu? Rudisha motoni. Kinatoa maji ya damu? Rudisha motoni. Karibu na mfupa bado ni mbichi? Rudisha motoni. Mwenye kipimajoto cha jikoni achome katikati, ifike nyuzi 70. Ndimu, pilipili na pombe haziivishi nyama.

Nanyi mnaowachomea madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde: dereva akisema ana haraka, mwambieni asubiri. Nyama ikiwa nyekundu ndani, irudi motoni.

KITIMOTO

Watafiti wamekuta minyoo ya tegu la nguruwe wilayani Mbozi, na tegu hilo huleta kifafa. Kifafa cha namna hiyo si kurogwa. Nyama yenye vipunje vyeupe mfano wa punje za mchele usiinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Nyingine yote iive mpaka katikati. Funga nguruwe bandani, kila mtu atumie choo, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mtu aliye nalo, kisha humezwa na chakula au maji.

KISU

Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kachumbari kabla havijaoshwa kwa sabuni.

KIPORO

Kipashwe mpaka kichemke kote, si vuguvugu.

Mama, baba, leo jioni kabla hujawapakulia watoto, kata kile kipande kinene katikati. Kikiwa chekundu, rudisha motoni.