Usiku wa Vinyago Mjini Athens: Mafunzo Niliyopata

Athens ninayoisema ni ya jimbo la Ohio, Marekani: mji mdogo wa vilima na barabara za matofali, ambako Chuo Kikuu cha Ohio kipo tangu 1804. Tangu miaka ya 1970, Jumamosi moja ya karibu na Halloween, sikukuu ya vinyago ya tarehe 31 Oktoba, mtaa wa Court Street hufungwa magari na kujaa mizimu, maharamia, malaika na ndizi zinazotembea. Nilipomtumia mama picha, alijibu kwa sauti: "Wewe mwanangu, tulikupeleka kusoma au kuchezea mashetani?"

Nilisoma, mama. Na Halloween nilisherehekea pia. Kwa Watanzania na Wakenya wanaokwenda kusoma huko, haya ndiyo niliyojifunza.

1. Usigonge mlango usio na uhakika nao

Hili naliweka mwanzo kwa sababu linatuhusu sisi wageni kuliko wengine. Yoshihiro Hattori alikuwa Mjapani wa miaka 16, yuko Baton Rouge, Louisiana, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tarehe 17 Oktoba 1992 yeye na rafiki yake Mmarekani walikuwa wakienda kwenye sherehe ya Halloween. Hattori alivaa suti nyeupe akimwiga John Travolta wa filamu ya Saturday Night Fever. Wakakosea nyumba, wakabonyeza kengele. Mama wa nyumba aliogopa, akamwita mumewe, naye akatoka na bastola na kumwamuru kijana asimame. Hattori akaendelea kumsogelea, akapigwa risasi ya kifua, akafa. Mei 1993 mahakama ilimwachia huru mpigaji. Wazazi wa marehemu walikusanya saini zaidi ya milioni moja na nusu kudai silaha zidhibitiwe.

Kwetu aliyepotea njia huelekezwa, na pengine hukaribishwa chai. Kule hodi zako tatu hazimwambii kitu mtu ambaye hajawahi kuzisikia. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: mwenyeji anitumie anwani kwa maandishi, namba ya nyumba ikiwemo, na nikifika nampigia simu atoke nje anipokee. Nyumba ikiwa na giza, au kinyume na nilivyoelezwa, nabaki barabarani penye taa hadi nipate jibu. Na uso nauacha wazi. Kinyago kinavaliwa ndani.

2. Bastola ya bandia ibaki dukani

Tamir Rice alikuwa mtoto mweusi wa miaka 12 mjini Cleveland, jimbo hilohilo la Ohio. Novemba 2014 alikuwa akichezea bastola ya bandia kwenye bustani, isiyo na ile ncha ya rangi ya chungwa inayoonyesha kuwa ni kitu cha kuchezea. Polisi walifika, na ndani ya sekunde chache akapigwa risasi. Kama vazi lako la ujambazi haliwezi kueleweka bila bunduki, tafuta vazi lingine.

3. Kitenge azima, masizi kataa

Jirani yangu bwenini, binti mchangamfu kutoka kijiji cha huko Ohio, alikuja kuniomba kitenge. Alitaka kuwa "Mwafrika" usiku ule, na alikuwa ameshanunua rangi nyeusi ya kujipaka usoni. Nilimtengea chai, nikamwonyesha mabango ya 2011. Mwaka huo kikundi cha wanafunzi wa chuo hichohicho, kiitwacho STARS, kilitoa picha za wanafunzi wa asili mbalimbali, kila mmoja ameshika picha ya mtu aliyevaa mzaha wa watu wa kabila lake. Ujumbe ulikuwa mmoja: utamaduni wa mtu haugeuzwi vazi la kuchekea. Mabango yale yalizungumzwa Marekani nzima.

Wapo wanaosema mgeni asiguse kabisa nguo ya watu wengine. Sikubaliani nao, kitenge kinauzwa ili kivaliwe, na Kariakoo hakuna anayemuuliza mnunuzi kabila lake. Kinachoudhi ni masizi na lafudhi ya kuigiza. Kitenge nilimwazima, nikamfunga na kilemba. Rangi iliishia kwenye pipa la taka, naye akapendeza kuliko mimi.

Sisi nasi tujitazame. Nimewaona vijana wa Afrika Mashariki wamejichomeka manyoya kichwani eti ni Wahindi Wekundu. Angekuwa Mzungu amevaa rubega la Kimasai akirukaruka na kupiga kelele, tungekunja nyuso.

4. Ondoka kwenye msongamano ungali unaweza kuinua mikono

Tarehe 29 Oktoba 2022, mtaa wa Itaewon jijini Seoul ulijaa vijana wa Halloween. Wakabanana kwenye kichochoro cha mteremko chenye upana wa mita kama 3 tu, wakafa watu 159. Wengi walikosa pumzi wamebanwa vifua. Mtanzania hahitaji kwenda Korea kulielewa hili: Machi 2021, wakati wa kuaga mwili wa Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru, walikufa watu 45.

Court Street nilikuwa nikitembea pembezoni, karibu na njia za kutokea. Mabega ya watu yakianza kukugusa pande zote, kata mshazari kuelekea pembeni, mikono ikiwa mbele ya kifua.

5. Barabara ina giza na vazi lako ni jeusi

Utafiti uliochapishwa 2019, uliopitia miaka 42 ya ajali za Marekani, ulikuta hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween iko juu kwa asilimia 43 ukilinganisha na jioni nyingine za karibu. Washa tochi ya simu. Mrudi pamoja.

6. Pombe isiyopimika usiinywe

Sheria ya Marekani inataka uwe na miaka 21. Kipimo kimoja cha kule ni gramu 14 za kilevi: bia ya mililita 355, au pombe kali mililita 44. Ini huhitaji kama saa moja kwa kila kipimo, na kahawa au maji baridi hayaliharakishi. Shida ni ile ndoo ya sherehe, pombe kali na juisi pamoja, unachota kwa kikombe chekundu. Hapo hakuna anayeweza kuhesabu.

Usiku mmoja tulimkuta kijana amezimika kwenye ngazi. Wenzake walitaka kumfunika koti alale, maana hakuwa amefika miaka 21 na waliogopa polisi. Ngozi ilikuwa baridi, pumzi moja na nyingine zimeachana mno. Tulimlaza ubavu asipaliwe na matapishi, tukaita gari la wagonjwa, akapona. Majimbo mengi yana sheria za kumlinda anayeita msaada. Wanafunzi wageni huogopa zaidi kwa ajili ya viza, lakini kinachoweza kuifuta upesi ni kukamatwa ukiendesha gari umelewa. Ukimwona mwenzako katika hali ile, piga 911. Inapatikana hata kwa simu isiyo na salio.