Mkate wa kumimina wa Siku ya Mwaka: kazi yote iko kwenye moto wa juu

Wifi yangu wa mjini Unguja alishuka Wete mwezi wa Julai na tanuri ya umeme, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. Hata baibui hajavua, akatangaza kuwa mkate wa Mwaka safari hii utapikwa kisasa. Nikamwambia karibu, wifi. Vifuu vyangu vilikuwa vimeshakauka uani, na kinyongo nilikuwa nacho tangu Idi, pale alipoupindua mkate wangu mbele ya wageni akauliza, "Wifi, huu umeiva kweli?"

Wasiotujua wajue kwamba sisi tuna mwaka mara tatu. Januari tunabadilisha kalenda ukutani. Muharram tunasoma dua. Mwaka wa kukoga pwani alfajiri, kisha kurudi kula, ni Nairuzi, mwaka wa wakulima na wavuvi. Siku zake ni 365 tu, huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa kuwa hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, unarudi nyuma pole pole: mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa ukiangukia Agosti, sasa uko Julai. Makunduchi, kule Unguja, huchapana kwa migomba na kuchoma kibanda, na wapiga picha wote wako huko. Hapa Pemba karafuu zinaanza kuanikwa, nani ana nafasi ya kuchapana?

Haya, hatua ni nne.

Ya kwanza ni mchele, uloweke tangu usiku. Ule mpya wa bondeni upike wali, usiusagie mkate, utanata. Tafuta mapembe au basmati iliyokaa. Muuza duka mmoja wa Chake aliniapia kwa jina la Mungu kuwa gunia lake ni la mwaka jana. Nilichopata ni gundi. Siku hizi natafuna punje palepale kaunta, akinuna anune. Iliyokaa hukatika kwa mlio, mpya hulegea kwenye jino.

Ya pili, saga kwa tui zito, hamira na iliki, uache uumuke. Kukuna na kukamua sikufundishi. Tui la kopo silitaki jikoni kwangu, linanuka kopo.

Ya tatu, sukari: itie rojo likishaumuka, si kabla, maana huliyeyusha.

Ya nne, moto. Hapa ndipo mikate mingi ya Pemba inapofia, na hili marehemu bibi hakuwa akilisema, ilikuwa umtazame mikono. Chini weka mkaa wa mti, kidogo, uliokwishatulia. Sufuria ipate moto kwanza, samli inukie, ndipo umimine. Funika, lakini juu usiweke kitu bado. Chungulia. Vitobo vitaanza pembeni, vitaingia ndani taratibu. Vikifika katikati, huku katikati penyewe bado pakitikisika ukigusa sufuria, hapo usizungumze na mtu: toa mkaa wote wa chini, bakisha majivu ya moto, kisha pakia makaa ya vifuu juu ya kifuniko, mengi ukingoni, machache katikati. Ukichelewa kuutoa moto wa chini, kitako kinaungua na tumbo li bichi. Ukiwahi kuupandisha wa juu, ngozi inafunga kabla vitobo havijatoka, unakula tofali. Vifuu ni kwa sababu vinawaka kwa ukali na kuisha upesi. Mkate unapata rangi bila kukaushwa. Na kifuniko kiwe bapa. Hivi vya bati jepesi vinavyouzwa sasa vinapinda, makaa yanatumbukia ndani. Mimi natumia sinia kuukuu lililobanduka rangi, na halitoki nyumbani hata kwa kuazima.

Tanuri ya wifi ilifanya kazi, sitamsingizia. Mkate uliumuka, ukapendeza, kisha ukapasuka juu kama shamba la kiangazi, mkavu, vitobo vya kuhesabu. Tuliiweka mikate yote miwili, wake na wangu, kwenye mkeka tulipotoka pwani. Hakuna aliyesema neno, Wapemba tuna adabu zetu. Lakini mzee jirani yetu, ambaye meno yamebaki machache, alisogeza sahani: "Mwanangu, niongeze huu laini." Wifi akajifanya anamimina chai. Jioni akanifuata jikoni, sauti chini, kuuliza vile vifuu nilivianika siku ngapi.

Sikumwambia. Na wewe sikwambii, ila vikigonganishwa vilie kwa sauti kavu.

Mgeni akija na halua ya Wete, pokea, weka pembeni. Mkate kwanza, na chai ya tangawizi, au na mchuzi wa kuku kama nyumba ina watu wengi; halua ingojee kahawa.