Safari ya Dar es Salaam na Watoto Wadogo: Kijitabu cha Elimu ya Afya kwa Kaya

Likizo za Juni na Desemba hujaza mabasi yanayoshuka Dar es Salaam kutoka mikoani. Familia huenda kusalimia ndugu, kuhudhuria harusi au kuwaonyesha watoto bahari kwa mara ya kwanza. Mtu mzima hustahimili siku mbili za kula ovyo na kulala vibaya. Mtoto aliye chini ya miaka 5 hastahimili. Mwili wake hupoteza maji upesi, kinga yake bado inajengeka, na mara nyingi hawezi kueleza kwamba ana kiu au kichwa kinamuuma. Kwa sababu hiyo safari ya mjini hupangwa kwa kumfuata mtoto aliye mdogo kuliko wote: saa zake za kulala, chakula chake na mwendo wake.

1. Kuchagua wakati

Dar es Salaam ni mji wa pwani, wenye joto na unyevunyevu karibu mwaka mzima. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na hata usiku hewa haipoi sana. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mafuriko mabondeni, hasa kandokando ya Mto Msimbazi, na maji machafu hueneza magonjwa ya kuhara. Juni hadi Agosti hewa huwa nafuu na mvua ni chache. Familia yenye nafasi ya kuchagua ni heri isafiri Juni kuliko Desemba, hasa ikitoka sehemu za baridi kama Njombe, Makete au Lushoto, kwa kuwa mtoto aliyekulia kwenye baridi huhitaji siku kadhaa kulizoea joto la pwani.

Baada ya safari ya kutwa nzima, siku inayofuata huachwa bila ratiba. Mtoto aliyelala vizuri hula, hucheza na hatibui siku ya wenzake. Mtoto aliyeburutwa kutoka stendi hadi harusini hulia, hukataa chakula, na dalili za ugonjwa zikianza wazazi hudhani ni uchovu tu.

2. Wiki nne kabla: kliniki na mkoba

Kadi ya kliniki hukaguliwa mapema, kwa sababu chanjo huhitaji muda kabla ya kuujengea mwili kinga. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9, kisha miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, na surua huenea kwa urahisi palipo na msongamano. Mtoto mwenye selimundu, pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo huonwa na daktari kabla ya safari, na dawa zake hubebwa za kutosha siku zote pamoja na akiba ya siku chache.

Mkoba wa afya hubebwa mkononi. Haupelekwi kwenye buti la basi. Ndani yake huwekwa:

- kadi ya kliniki, na kadi ya bima ya afya kwa aliye nayo;
- kipimajoto;
- dawa ya maji ya paracetamol na kipimo chake, dozi ikiwa imeelezwa na mhudumu wa afya kulingana na uzito wa mtoto;
- pakiti za ORS na vidonge vya zinki;
- sabuni, kitambaa safi, na nepi au nguo za kubadilisha;
- chandarua chenye dawa, kwa sababu si kila nyumba ya kufikia ina cha ziada.

Dawa za mseto za malaria na antibayotiki hazibebwi kwa kubahatisha. Malaria hupimwa kwanza, ndipo hutibiwa.

3. Njiani

Kwa familia zinazotoka Dodoma na Morogoro, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imerahisisha mambo: ina vyoo, na mtoto anaweza kunyoosha miguu. Mikoa mingi bado hutegemea basi. Mtoto aliyepakatwa hurushwa mbele gari likifunga breki ghafla, hivyo panapowezekana hukatiwa kiti chake na kufungwa mkanda. Mkanda mmoja haufungi mzazi na mtoto kwa pamoja, maana katika ajali mwili wa mtu mzima humkandamiza mtoto. Katika gari dogo mtoto hukaa nyuma, kwenye kiti maalumu cha watoto kinacholingana na uzito wake. Haachwi peke yake ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa dakika chache na hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo, kwa sababu joto la ndani hupanda haraka na huweza kuua.

Kichefuchefu cha gari huwasumbua zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Kiti cha sehemu ya mbele ya basi, dirisha lenye hewa na macho yanayotazama mbali nje husaidia. Simu yenye katuni huzidisha. Mtoto hula kidogo kidogo, na kopo lenye kifuniko huwa karibu kwa ajili ya kutapikia. Dawa ya kuzuia kutapika hutolewa kwa ushauri wa daktari tu.

Mabasi husimama kwa dakika chache, na pale abiria wanaposhuka kuchimba dawa mara nyingi hakuna maji ya kunawa. Chupa ya maji na kipande cha sabuni hushuka pamoja na mtoto. Chakula cha kutoka nyumbani ni salama kuliko kinachouzwa dirishani, ila nacho kina muda wake: wali, nyama na maziwa havikai zaidi ya saa 2 kwenye joto. Vinavyofaa zaidi ni ndizi mbivu, machungwa, mkate mkavu, karanga kwa waliopita umri wa kupaliwa, na mayai ya kuchemsha yanayobebwa yakiwa bado kwenye ganda na kuliwa mapema asubuhi.

Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, huwa na msongamano mkubwa wakati wa likizo. Kabla ya basi kusimama, watu wazima hugawana kazi: mmoja hushughulikia mizigo, mwingine hashiki kitu ila watoto.

4. Nyumba ya kufikia

Nyumba isiyozoea watoto wadogo ina hatari ambazo mwenyeji hazioni. Mzazi huipitia mara tu anapofika, akipiga magoti ili aone anachokiona mtoto. Chini ya meza ya jikoni kuna chupa ya soda yenye kimiminika kisicho na rangi: ni mafuta ya taa, na mtoto wa miaka 2 mwenye kiu huyaona kuwa maji. Juu ya kabati fupi kuna vidonge vya presha vya bibi. Bafuni kuna ndoo iliyojaa maji, na mtoto mdogo huweza kuzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja akiangukia kichwa. Ghorofani kuna baraza ambayo nondo zake zimeachana. Wenyeji huombwa kwa adabu vitu hivyo viinuliwe, vifungwe au vifunikwe, na kwa kawaida hufanya hivyo kwa moyo.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, hatapishwi wala hanyweshwi maziwa. Akitapishwa, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu na kumdhuru zaidi. Hukimbizwa hospitali pamoja na chupa yenyewe. Jiko la mkaa nalo haliingizwi chumbani kwa kulala, hata usiku wa mvua, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

5. Kutembea mjini

Siku ya mtoto mjini hutosha jambo moja kubwa. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, daladala na mabasi ya mwendokasi hujaa kiasi cha mtoto kubanwa kwenye miguu ya watu. Saa 4 asubuhi hupitika vizuri zaidi. Saa 6 hadi saa 9 mchana, jua linapochoma, ni wakati wa kula na kulala ndani. Bodaboda haimfai mtoto mdogo: hawezi kujishikilia, na kofia ngumu ya saizi yake ni nadra kupatikana.

Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo, kinafaa matembezi ya asubuhi. Nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa chini ya miti, na mtoto anaweza kukimbia bila kuogopa magari. Coco Beach hufaa asubuhi au jua linapopoa. Baharini, mtu mzima mmoja hukabidhiwa kila mtoto mdogo na kukaa umbali wa mkono kunyooshwa. Haongei na simu wala hachomi mishikaki, kwa sababu mtoto huzama kimya bila kupiga kelele, na maji yakijaa hubadilisha kina haraka. Mtoto mwenye ualbino huvaa mikono mirefu na kofia pana, hupakwa krimu ya kumkinga na jua, na hukaa kivulini.

Kwenye msongamano kama wa Kariakoo au Maonyesho ya Sabasaba, mtoto hupotea kwa dakika moja. Kila asubuhi hupigwa picha akiwa na nguo za siku hiyo. Karatasi yenye namba mbili za simu hushonwa au kubanwa kwa pini ndani ya mfuko wake; jina lake haliandikwi mahali panapoonekana, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya hulitumia kujifanya ndugu. Mtoto akipotea, polisi hupigiwa 112, na Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana kwa 116.

6. Maji, chakula na kuhara

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hunyonya maziwa ya mama tu, hata kwenye joto la Dar es Salaam. Hahitaji maji, hunyonyeshwa mara nyingi zaidi. Aliyezidi umri huo hunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Barafu, juisi za mitaani na matunda yaliyokatwa mapema huepukwa. Chakula huliwa kikiwa cha moto, na tunda humenywa na mzazi mwenyewe baada ya kunawa.

Mtoto akianza kuhara, ORS huanza mara moja. Pakiti huchanganywa na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Pakiti nyingi ni za lita 1. Maji yakiwa machache, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi, dawa hupungua nguvu. Baada ya kila choo cha maji, mtoto chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, husubiriwa dakika 10 kisha huendelea polepole. Mchanganyiko uliopita saa 24 humwagwa. Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, na 20 kwa aliyezidi. Kunyonya na kula huendelea.

7. Mbu wa usiku na mbu wa mchana

Malaria huenezwa na mbu anayeuma usiku. Dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huenezwa na mbu mwingine anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya matairi, makopo na ndoo. Kinga ya usiku peke yake haitoshi.

Usiku, chandarua hukaguliwa kwa kuinuliwa mbele ya taa ili matundu yaonekane. Huchomekwa chini ya godoro pande zote, na mtoto hulazwa katikati ili mkono wake usiegemee kwenye wavu, kwa kuwa mbu huuma kupitia wavu uliogusana na ngozi. Mtoto akilala mchana, chandarua hushushwa vilevile. Nguo ndefu nyepesi humkinga anapocheza.

Kwa watoto wa Njombe, Iringa, Arusha, Manyara na Kilimanjaro jambo hili lina uzito wa pekee. Maambukizi ya malaria kwenye mikoa hiyo ni machache, hivyo mtoto wa huko hana kinga ambayo mwili hujijengea kwa kuugua mara kwa mara. Malaria ikimpata huweza kuwa kali ndani ya muda mfupi.

8. Dalili zisizosubiri kesho

Mtoto hupelekwa kituo cha afya kilicho karibu, usiku au mchana, akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea mno au ni vigumu kumwamsha;
- anapumua kwa haraka au kwa shida;
- macho yamebonyea, analia bila machozi au hakojoi;
- kinyesi kina damu;
- ana homa naye yuko chini ya miezi 2.

Homa yoyote hupimwa malaria ndani ya saa 24. Mpaka dengi itakapoondolewa shakani, homa hushushwa kwa paracetamol. Aspirini na ibuprofeni hazitumiki kwa kuwa zinaweza kuchochea kutokwa damu. Familia hujua kabla ya siku ya kwanza kuisha ni kituo gani kilicho karibu na nyumba ya kufikia, na nani ana gari la kuazima usiku.

9. Baada ya kurudi

Vimelea vya malaria hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya homa kuanza, mara nyingi wiki 1 hadi 2, na wakati mwingine zaidi. Mtoto huweza kuondoka Dar es Salaam mzima na kuugua akiwa Makete, mahali ambapo homa hudhaniwa kwanza kuwa mafua au baridi. Watoto hucheleweshewa matibabu kwa sababu hakuna aliyetaja safari.

Kaya yoyote itakayoona homa kwa mtoto ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi impeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe kwamba mtoto alisafiri, alikwenda wapi, na lini alirudi.