Tiba ya Njiwa Mgonjwa Nyumbani

Mwanafunzi wa Songea afugaye njiwa aweza kumkuta mmoja amejikunyata, macho yakitoa machozi, kinyesi kikiwa cha kijani. Huenda ni homa ya kasuku, iletwayo na bakteria aitwaye klamidia. Huenda pia ni mdondo, uletwao na virusi. Dawa za jamii ya tetrasaiklini huzuia bakteria kutengeneza protini, lakini virusi haziviathiri. Kwa hiyo daktari wa mifugo na aulizwe kwanza.

Tiba ya homa ya kasuku kwa kawaida huchukua siku 45, kwa kuwa klamidia hujificha ndani ya chembehai za ndege. Katika muda huo ndege asipewe maganda ya mayai wala chokaa: kalsiamu hushikamana na dawa, ikaizuia kupenya utumbo.

Mgonjwa atengwe. Vumbi la kinyesi chake laweza kumwambukiza binadamu homa ya mapafu. Kwa hiyo kinyesi kilowanishwe kabla ya kufagiliwa. Mfugaji apatwaye na homa na kikohozi amweleze daktari kwamba anafuga njiwa.

Zoezi: Njiwa aonekana mzima siku ya 10. Kwa nini ni kosa kuacha dawa?